Jibu: Muhula mmoja Ujerumani kwa mwanafunzi wa usimamizi wa rasilimali watu

Ndugu, umeuliza kama muhula mmoja nchini Ujerumani chini ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, utakufaa, ilhali sheria za kazi za kule si zetu hapa Tanzania. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda. Kule, mahali pa kazi penye wafanyakazi wa kudumu wasiopungua 5 wenye haki ya kupiga kura, wafanyakazi wanaweza kuchagua baraza la kuwawakilisha mbele ya mwajiri. Na mwajiri akimwachisha mmoja wao kazi bila kwanza kulisikiliza baraza hilo, hata akiwa na sababu nzito, hatua yake ni batili. Ukiisoma kanuni hiyo sambamba na Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayodai sababu halali na utaratibu wa haki, utaelewa kwa kina uzito wa utaratibu katika kazi yetu. Kwa hiyo nakusihi uchague somo la mahusiano kazini, hata kama la uajiri linaonekana jepesi zaidi.

Kuhusu kutambuliwa kwa masomo, hakikisha kwamba mkataba wa masomo, unaoonyesha kila somo la kule litachukua nafasi ya lipi la nyumbani, umesainiwa na wewe, chuo chako na chuo mwenyeji kabla hujaondoka. Mzigo wa kawaida ni krediti 30 za mfumo wa Ulaya (ECTS) kwa muhula, na chuo mwenyeji hakitakutoza ada ya masomo. Ulizia mapema pia lugha ya kufundishia ya kila somo.