Misimu mitatu ya kuhesabu kucharefu Kinangop: jibu kwa anayetaka kujitolea

Aliyeuliza anaishi Kasarani, amemaliza chuo, kazi bado hajapata, na ameona tangazo la watu wa kujitolea kuhesabu ndege wa nyasi aliye hatarini kutoweka huko Kinangop, kuanzia mvua za Machi. Anataka kujua kazi yenyewe ni gani, kama kuna pesa, na kama mtu asiyejua ndege anaweza kuifanya. Mimi nimeenda misimu mitatu, nikitokea Nairobi kila mara, kwa hiyo nivumilieni nijibu kwa urefu.

Pesa kwanza, maana hilo ndilo swali lenyewe. Nililipiwa nauli, chakula na mahali pa kulala, na kila Ijumaa tukapewa posho ya kutosha vocha na sabuni. Kodi ya nyumba haitoki hapo. Kama una kibarua chochote, usikiache.

Ndege mwenyewe vitabu vinamwita Sharpe's Longclaw, kwa jina la kisayansi Macronyx sharpei. Mimi humwita kucharefu, kwa sababu ukucha wa kidole chake cha nyuma umerefuka kupita kiasi, na kwa sababu jina la mzungu aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya London halimsaidii mtu wa Njabini, mji mdogo wa huko Kinangop, kumkumbuka. Anaishi Kenya peke yake. Wengi wao wako uwanda wa Kinangop, mita 2,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa. Wengine wako pande za Molo na Mau Narok. Mgongo wake una michirizi ya kahawia kama nyasi iliyokauka, koo na tumbo ni manjano. Akikupa mgongo unaweza kumkanyaga. Halafu si mrukaji: ukimshtua hupaa chini chini, hudondoka nyasini hapo mbele, na kuanza kutembea zake.

Hilo la kutoruka mbali ndilo linalomponza. Shamba la nyasi likilimwa, hafungi safari kwenda kutafuta jingine ng'ambo ya kabichi na mikaratusi. Na Kinangop ni ya kulimwa. Ilikuwa ardhi ya walowezi, ikagawiwa wananchi kwenye mipango ya makazi ya miaka ya 1960, kisha baba akagawia wana, wana wakagawia wajukuu. Watu wengi wakisikia Aberdare wanadhani ndege huyu yuko salama ndani ya hifadhi. Ule ua wa umeme wa kilomita 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009, unalinda msitu na nyika za juu mlimani. Nyasi za uwanda ziko upande huu wa ua, na kila kipande kina mwenyewe, mwenye hati na mwenye karo ya kulipa. Ukishika hilo umeshika nusu ya kazi.

Sasa kazi yenyewe. Mnaamshwa saa kumi na moja na nusu, giza, chai ya maziwa na mkate. Saa kumi na mbili na nusu mko shambani. Mnasimama mstari mmoja, watu watano, hatua kumi kati ya mtu na mtu, na kamba moja ndefu inapita mikononi mwa wote. Mnaanza kutembea mkiiburuta juu ya nyasi. Kazi ya kamba ni kumfanya ndege aruke. Kazi yako ni kutazama mbele ya kamba, si miguuni pako. Akiruka unapaza sauti, "Mmoja!", unaonyesha kwa mkono alikotokea na alikotua ili asihesabiwe mara mbili, na mwenye daftari anaandika. Umande unapanda kwenye kamba, na mkifika katikati ya shamba imekuwa nzito kama ndoo ya maji. Mikono inakufa ganzi. Glavu za sufu ndizo mbaya zaidi kwa sababu zinafyonza, afadhali zile za mpira za kuoshea vyombo.

Mkimaliza shamba mnapima nyasi, na hapa ndipo vijana wa Nairobi huanza kuuliza saa. Unatupa chini fremu ya mraba ya waya, unachuchumaa, unapima urefu wa nyasi kwa rula ya shule, unahesabu mashungi yaliyomo, unaandika kama kuna mavi ya ng'ombe au ya kondoo, kisha unasogea na kutupa tena. Mara ishirini kwa shamba moja. Mashungi ni yale mafundo ya nyasi ngumu yanayosimama kama kichwa ambacho hakijachanwa. Ng'ombe hawayapendi, na ndiyo maana watu huyang'oa kwa jembe wakiona wanasafisha malisho. Kumbe kucharefu hujenga kiota chini kabisa, kwenye shina la shungi. Anataka nyasi fupi za kutafutia wadudu na shungi la kujifichia, vyote mahali pamoja. Nyasi zikirefuka kila mahali hapafai, na zikiliwa mpaka udongo ukaonekana hapafai vilevile. Kwa hiyo kondoo si adui yake. Wakiwa wa kiasi, wao ndio wanaomfyekea.

Mtakutana na mashamba mengi yasiyo na ndege hata mmoja. Andika sufuri. Nasema hivi kwa sababu wiki yangu ya kwanza niliona aibu kujaza fomu tatu mfululizo zenye sufuri, nikaiacha ya nne bila kujaza. Jioni ikabidi nirudi na bodaboda kulirudia shamba zima, peke yangu, bila kamba. Shamba lenye nyasi nzuri lakini halina ndege linamwambia mtafiti jambo, hasa kama miaka miwili nyuma walikuwepo.

Kosa langu kubwa lilikuja msimu wa pili, mwezi wa Mei. Nilipata kiota, changu cha kwanza, mayai mawili ndani ya kikombe cha nyasi kisichozidi kiganja. Nilifurahi kupita kiasi. Nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu hatua mbili kutoka pale ili nisikipoteze. Jioni nikarudi kuchungulia, kesho yake asubuhi tena, nikipita palepale. Siku ya tatu kiota kilikuwa kitupu. Nilipoinua macho nikaiona njia: nyasi zimelala kutoka barabarani moja kwa moja mpaka kwenye shungi, njia niliyoikanyaga mimi mwenyewe, na mwisho wake bendera nyekundu. Mwizi sikumwona. Kulikuwa na kunguru wawili kwenye nguzo za ua, na mbwa wa kijiji hupita hapo kila siku. Msimamizi wetu hakunifokea. Aliniambia niandike kwenye fomu kwa mkono wangu: kiota kimepotea, alama iliwekwa karibu mno. Baada ya hapo nilijifunza utaratibu ambao nilikuwa nimeelezwa siku ya kwanza na nikaupuuza: alama mbali, hatua ishirini, iwe jiwe na si kitambaa; andika upande na umbali; ukirudi pita njia nyingine, usisimame, angalia kwa darubini kama mama yuko, endelea na safari yako kana kwamba umepotea.

Wenye mashamba utazungumza nao kuliko utakavyoona ndege. Kila shamba lazima uombe ruhusa, hata kama mwaka jana ulipewa. Shamba nililolipenda kuliko yote ni la cucu mmoja, yaani bibi mzee, eka tatu na kidogo, nyasi tupu, kondoo kumi na mbili. Asubuhi moja alitukuta tukikunja kamba.

"Mmekuja kuhesabu tena?"

"Ndiyo, cucu."

"Na mkishahesabu mnapeleka wapi?"

Nikaanza kueleza habari za utafiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akanionyesha kwa kidole shamba la jirani.

"Yule amevuna viazi vya shangi. Lori limekuja mpaka hapa langoni. Mimi mjukuu wangu yuko form two. Hiyo ndege yenu imeleta lori?"

Sikuwa na jibu, na ukienda kule jiandae kuwa bila jibu. Usimwambie mtu kwamba ndege ni urithi wa taifa huku anakuonyesha barua ya karo. Shangi hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Nyasi hazina siku ya mavuno. Kinachosaidia kidogo ni sufu. Njabini kuna kina mama wanaosokota sufu ya kondoo wa hapo hapo na kufuma mazulia, na mwenye kondoo lazima awe na nyasi. Mwaka ambao viazi vina bei, sufu haioni ndani. Lakini kila mtu akivuna wiki moja na bei ikaanguka mpaka watu wanalisha ng'ombe viazi, mwenye kondoo bado ana kitu. Shirika la uhifadhi la Nature Kenya nalo limenunua vipande kadhaa vya nyasi Kinangop ili visilimwe, jambo zuri, ila uwanda ni mkubwa na pesa za kuununua wote hazipo.

Msimu uliofuata nilikuta cucu amelima eka moja. Mbili alibakiza, kwa sababu ya kondoo, si kwa sababu yangu, na alihakikisha nimelielewa hilo. Kwenye hizo mbili tuliburuta kamba tukapata wawili, dume na jike kwa jinsi walivyofuatana. Nilipomwambia akauliza kama ni walewale wa mwaka jana. Hatukuwa tumewavisha pete za utambulisho miguuni, kwa hiyo sikuweza kumjibu hilo pia.

Jambo jingine litakalokushangaza ni miti. Sisi wa Nairobi tumefundishwa kwamba ukitaka kusaidia mazingira, panda mti. Novemba 13, 2023 tulipewa hata sikukuu ya taifa kwa ajili hiyo, na mimi nilipanda wangu Ngong Road nikapiga picha kama wengine. Lakini mti kwenye nyasi wazi za Kinangop ni jembe la polepole. Mikaratusi ikishika eka moja, kucharefu hana tena biashara hapo. Nimewahi kuona lori la miche, watu wamevaa fulana mpya zinazofanana, likishusha kando ya malisho ambayo asubuhi hiyo tulikuwa tumehesabu ndege wanne. Wale watu walikuja kwa nia safi na walikuwa wamebeba soda za kutosha. Tulimwita mwenye shamba, tukazungumza, miche ikaenda kando ya mto. Siku nyingine hamtawahi.

Kuhusu kutojua ndege: ndege hujifunzwa, na unaweza kuanzia hapa hapa mjini. Kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Mimi nilianza huko nikiwa siwezi kumtofautisha shomoro na chozi. Wengi ni wazee waliostaafu na wanafundisha bila kuringa. Ukipata siku, ingia Nairobi National Park, mtafute binamu wa kucharefu mwenye koo la manjano. Yule ni mkubwa zaidi, ana mkufu mpana mweusi kifuani, na husimama juu ya kichaka apige kelele aonekane. Mtazame mpaka umchoke. Ukishamjua huyo, utakapomwona yule wa Kinangop, asiye na mkufu ila michirizi tu, anayetembea chini kama aliyeangusha sarafu, hutababaika. Fanya pia orodha za Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayojazwa na watu wa kujitolea: unachukua mraba wa kama kilomita 9 kwa 9, unaandika kila aina unayoiona au kuisikia kwa saa 2 angalau. Wa Kasarani unaweza kuanza na mraba wa nyumbani kwako. Kinachofunzwa hapo ni nidhamu ya kuandika, na hiyo ndiyo wanayoitafuta kuliko macho makali.

Kabla hujakubali, waulize wanaokuita mambo mawili: nani ameshaongea na wenye mashamba, na matokeo yanarudishwa kwao vipi. Mradi mmoja nilioufanyia kazi, nisioutaja, ulichukua misimu miwili ya takwimu na wakulima hawakuona hata karatasi moja. Mwaka wa tatu malango matano yalikuwa yamefungwa kwa kufuli, na sisi tuliokuja na kamba ndio tuliosikia maneno.

Vifaa: penseli, si kalamu, kwa sababu wino ukinyeshewa fomu inageuka mchoro. Mfuko wa plastiki mgumu wa daftari. Koti la mvua la kweli, si lile la kukunjwa la bei ya chini. Soksi jozi sita. Asubuhi ya Kinangop si baridi ya Nairobi ya Julai. Ukibaki mpaka Julai utaona sakitu imelala shambani kama unga. Matatu za Njabini utazipata Nyamakima, hapo katikati ya Nairobi, na ukifika Njabini utamalizia kwa bodaboda. Gambuti za kuazima zipo kambini, lakini mara ya mwisho kubwa zaidi ilikuwa namba 9, na zote za mguu wa kushoto zilikuwa zinavuja. Pitia soko la Gikomba ununue zako kabla hujapanda gari.