Herufi D kwenye mwongozo wa pumu

Swali: Shikamoo daktari. Nina pumu tangu utotoni. Navuta pampu ya kahawia kila siku na ya bluu nikibanwa. Muuza dawa za asili amenionyesha kwenye simu mwongozo wa pumu wa GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu: ushauri mwingine una herufi A, mwingine D. Anasema D ni madaktari kukiri kwamba hawajui. Nifuate ya A tu? Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba. Usiache pampu ya kahawia. Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila mara nyuma yake yupo mtu mwenye chupa ya kuuza.

Herufi hizo hazipimi nguvu ya dawa, zinaeleza ushahidi umetoka wapi. A ni majaribio mengi yanayokubaliana, wagonjwa wakiwa wamegawanywa kwa nasibu, kama kwa kura. B ni majaribio kama hayo, ila machache. C ni kuwafuatilia wagonjwa bila kuwagawa. D ni makubaliano ya jopo la wataalamu pale majaribio yanapokosekana, na mengine hayatafanyika kamwe: nani atapiga kura ili mgonjwa anayekata pumzi anyimwe oksijeni?

Kinachoniudhi hasa ni dhana kwamba chini ya A hakuna kitu. New Zealand vifo vya pumu vilipanda ghafla kuanzia 1976. Waliokufa walipolinganishwa na wagonjwa wenzao, utafiti uliochapishwa 1989 ukainyooshea kidole fenoterol, pampu ya kufungua njia ya hewa iliyotumika sana huko. Ilipowekewa vizuizi, vifo vilishuka. Hapakuwa na A hapo. Na dawa za jamii ya hiyo ya kahawia je? Mwaka 2000 watafiti wa Kanada, baada ya kupitia kumbukumbu za wagonjwa 30,569 wa jimbo la Saskatchewan, walionyesha kwamba kwa kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta (dawa ya kupunguza uvimbe) lililotumika ndani ya mwaka, vifo vya pumu vilipungua kwa asilimia 21. Huo nao si utafiti wa nasibu, lakini faida inayokua kadiri dawa inavyoongezeka ni moja ya sababu ambazo mfumo wa GRADE, unaotumika kimataifa kupima uzito wa ushahidi, hukubali kupandishia ushahidi daraja.

Ushuhuda wa WhatsApp hauna herufi yoyote. Pumu hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo atakayekunywa chochote siku aliyozidiwa kuna uwezekano mkubwa wa kujisikia nafuu wiki inayofuata. Baya zaidi, baadhi ya "mitishamba" iliyopimwa maabara katika nchi mbalimbali imekutwa na deksamethazoni ndani yake: steroidi, jamii ileile ya dawa ambayo wauzaji hao wanakutisha nayo, tena ya kumeza, bila kipimo.

Wanaodanganywa huanza kuacha ya kahawia, maana haileti nafuu papo hapo, wakabaki na ya bluu peke yake. Matumizi hayo GINA iliacha kuyapendekeza mwaka 2019 kwa watu wazima na vijana, kwa sababu ya bluu hufungua njia ya hewa lakini uvimbe unabaki. Yeyote anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki aende kliniki na pampu zake zote, na hiyo chupa aibebe pia.