Ukienda Westport, lala nyumbani kwa mtu

Mama alioga maji ya baridi siku mbili nzima bila kuniambia. Tulikuwa Westport, mji mdogo wa kihistoria katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi, na chumba chetu kilikuwa na bafu safi lenye bomba la mvua la umeme. Asubuhi ya tatu nilimsikia akivuta pumzi kwa nguvu kule ndani, nikagonga mlango. Kumbe ile kamba nyeupe inayoning'inia kutoka darini, yenye kifundo mwishoni, aliidhani ni kengele ya kumwita mtu. Kamba ile ndiyo swichi. Unaivuta mara moja, kitaa chekundu kinawaka, ndipo unafungulia maji. Kanuni zao za umeme haziruhusu swichi ya kawaida ya ukutani karibu na maji, ndiyo maana utazikuta kamba hizi nchi nzima. Mama ana miaka 68 na amelea watoto sita, lakini aliona haya kumsumbua mwenye nyumba kwa jambo dogo kama hilo.

Nimeishi Dublin miaka tisa sasa. Kila ndugu au rafiki anapopanga kuja, swali ni lilelile: tukitoka nje ya jiji, tulale wapi? Ushauri wangu haujabadilika. Lala nyumbani kwa mtu, na ukifika, sema. Nyumba hizi hazina mapokezi wala mlinzi wa getini. Kuna mtu mmoja, au mume na mke, wanaopika, wanaotandika vitanda na kujibu simu. Watakufanyia karibu kila kitu ilimradi wajue unachohitaji.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Kwetu ukisema umelala gesti, watu wanaanza kukutazama vingine. Huku ni jambo la heshima kabisa. "Guesthouse" ni jina linalolindwa na sheria: huwezi kulibandika kwenye ukuta wako bila kusajiliwa na Fáilte Ireland, mamlaka ya utalii ya nchi. Hiyo huwa ni nyumba kubwa kidogo, yenye vyumba vingi. B&B ("bed and breakfast", yaani kitanda na chai ya asubuhi) ni ndogo zaidi, nyumba ya familia yenye vyumba vichache vya wageni na chai ya asubuhi ndani ya bei, na mwenyewe anaishi humohumo. B&B hailazimiki kusajiliwa, lakini nyingi hujisajili kwa hiari na kuweka kibao chenye jani la kijani la shamroki. Mimi hukitafuta kibao hicho, kwa sababu kinaonyesha kwamba kuna mtu alikuja kukagua.

Sasa mahali. Hapa ndipo nilipoumia mara ya kwanza kabisa nilipokwenda Westport, kabla ya safari ya Mama. Niliweka nafasi mtandaoni kwenye nyumba iliyoelezwa kuwa "karibu na mji". Niliposhuka kwenye treni nikakuta ni kilomita sita, barabara haina njia ya waenda kwa miguu, na basi hakuna. Kila nilipotaka kula chakula cha jioni nililipia teksi kwenda na kurudi, na kwa siku tatu teksi zilinigharimu zaidi ya usiku mmoja wa chumba. Tangu hapo simwamini mtu anayeniambia "karibu". Ninapiga simu na kuuliza: kwa miguu, kutoka kwenye Octagon, ni dakika ngapi? Octagon ni uwanja wa pembe nane ulio kitovu cha mji, wenye nguzo ndefu na sanamu ya Mtakatifu Patrick juu yake. Kila mwenyeji ataweza kukujibu. Dakika tano hadi kumi na tano ni sawa. Ukitaka utulivu na harufu ya bahari, kuna nyumba za upande wa bandarini, kama kilomita mbili kutoka katikati. Jihadhari na chumba kinachotazama Bridge Street: baa zake zina muziki wa fidla na filimbi, mtamu sana ukiwa ndani ya baa, ila ukiwa kitandani na mzazi wako amechoka na safari, ni kero. Omba chumba cha nyuma.

Usafiri wenyewe ni rahisi. Treni inatoka stesheni ya Heuston, Dublin, na Westport ndiyo mwisho wa reli, mwendo wa zaidi kidogo ya saa tatu. Waambie utafika saa ngapi. Vyumba hufunguliwa kuanzia saa tisa au saa kumi alasiri, na kabla ya hapo mwenye nyumba yuko dukani au anafua mashuka. Ukichelewa usiku bila kupiga simu, unamfanya mtu akeshe kukusubiri.

Uliza pia kuhusu ngazi. Westport ni mji uliopangwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Katika karne ya 18 familia ya Browne, wenye lile jumba kubwa la Westport House, walikiondoa kijiji cha zamani kilichokuwa mbele ya jumba lao, wakajenga mji mpya pembeni. Mto Carrowbeg ukawekewa kuta za mawe, miti ikapandwa pande zote mbili na madaraja yakajengwa juu yake. Ndiyo maana mji ni mzuri hivi, na ndiyo maana pia umetunzwa. Majengo mengi ya katikati yanalindwa chini ya sheria ya mipango miji, na mwenyewe hawezi kubadili madirisha au kuvunja ukuta aweke lifti bila kibali. Kwa hiyo ngazi ni nyembamba na kali, na madirisha ya mbao ya kusukuma juu yanapitisha upepo. Mama ana magoti mabovu. Niliposema hivyo kwenye simu, yule mama mwenye nyumba alitubadilishia chumba cha ghorofa ya tatu akatupa cha chini, bei ileile. Usiku wa kwanza alipoona Mama amejifunga khanga mbili juu ya sweta, akaleta mfuko wa mpira wenye maji ya moto, uliovalishwa kifuko cha sufu. Tulikuwa mwezi Juni.

Hilo la Juni lina jambo lingine. Jua linazama saa nne usiku na mwanga unabaki hata baada ya hapo. Mzazi aliyezoea giza la saa moja jioni hatapata usingizi, kwa hiyo uliza kama mapazia ni mazito.

Kwenye vitanda kuwa makini na maneno yao. "Double" ni kitanda kimoja cha watu wawili. "Twin" ni vitanda viwili. Bei nayo mara nyingine hutajwa kwa kichwa, watu wawili wakichangia chumba, kwa hiyo ile uliyoiona mara mbili yake ndiyo utakayolipa, na anayelala peke yake huongezwa kidogo. Sisi tulilipa euro 120 kwa usiku, watu wawili na chai. Plagi ni za pini tatu kama zetu za Tanzania na Kenya, usihangaike kununua adapta.

Tuje kwenye meza, maana hapo ndipo pesa yako inaporudi. Chai ya asubuhi ya Kiayalandi ni sahani iliyojaa: soseji, vipande vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, mayai, nyanya ya kuchoma, uyoga, pengine na maharage ya kopo. Pembeni kuna viduara viwili, kimoja cheusi na kimoja cheupe. Kile cheusi kimetengenezwa kwa damu ya nguruwe, nafaka na viungo. Ndugu zetu wa Kenya wataikumbuka mutura. Cheupe ni kama hicho bila damu. Nasema wazi kwa ajili ya ndugu zangu Waislamu na wengine wasiogusa kitimoto: karibu kila nyama kwenye sahani ile ni nguruwe, soseji zikiwemo, na kikaango mara nyingi ni kimoja. Usisubiri sahani ifike ndipo uanze kuchambua. Mwambie unapoweka nafasi, umkumbushe usiku ule. Rafiki yangu wa Tanga alikaa nyumba hiyohiyo na familia yake; walipikiwa mayai kwenye sufuria safi, wakapewa samaki wa moshi, uji wa oti, matunda na mkate wa kahawia. Alichohitaji mwenye nyumba ni taarifa tu.

Na chai! Mama alikunywa kikombe cha kwanza akaniangalia. "Hii ni ya kwetu," akasema. Hakukosea sana. Majani ya chai yanayopendwa huku, kwa mfano Barry's ya Cork, huchanganywa kutoka Kenya, Rwanda na Assam. Wanaipika nzito na kuitia maziwa, na hakuna atakayehesabu vikombe vyako. Chumbani pia utakuta birika la umeme, vikombe na biskuti. Ni vyako, tumia.

Mezani pale ndipo safari yetu ilipopangwa. Mwenye nyumba alikuwa anachungulia dirishani kuelekea Croagh Patrick, mlima wa mita 764 ambao wenyeji huuita Reek, kisha anatuambia twende wapi kulingana na wingu lilivyokaa. Siku mlima ulipofunikwa alitutuma Westport House. Nilikwenda nikijua habari za Gráinne Mhaol tu, yule mwanamke nahodha aliyetawala bahari hii na kwenda kuonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1593. Jumba limejengwa juu ya misingi ya ngome ya ukoo wake. Nisichokijua ni Jamaika. Sehemu ya utajiri wa akina Browne ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya kule, waliyoyapata kwa ndoa, mashamba yaliyolimwa na watumwa Waafrika. Kisha mmoja wao, Howe Peter Browne, Markwisi wa Sligo, akawa gavana wa Jamaika kuanzia 1834 hadi 1836, akagombana na wenye mashamba wenzake kwa kuwatetea watu waliokuwa wakiachiwa huru. Kijiji cha Sligoville kule Jamaika kimebeba cheo chake. Nilisimama kwenye ngazi ya marumaru nikayafikiria yote mawili pamoja, na sijamaliza kuyafikiria. Mwafrika akienda pale asiishie kupiga picha bustanini.

Siku iliyofuata kulikuwa kweupe, akatupeleka Murrisk mwenyewe kwa gari lake, chini ya mlima. Pale kuna meli ya shaba, kazi ya John Behan, iliyozinduliwa mwaka 1997: kumbukumbu ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Mahali pa kamba za matanga kuna mifupa ya watu inayoelea. Viazi vilioza na watu kama milioni moja wakafa, huku nafaka na ng'ombe wakiendelea kusafirishwa nje ya nchi. Mama ni wa Singida, anajua mwaka wa njaa ukoje. Aliizunguka meli ile polepole, akauliza, "Ng'ombe walikuwepo?" Nikamwambia walikuwepo. Hakusema tena mpaka tuliporudi.

Kama unakuja kuhiji, Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu hupanda Croagh Patrick, mlima mtakatifu kwa Wakatoliki wa huku, wengine pekupeku, na vyumba vyote vya Westport hujaa. Piga simu miezi kadhaa kabla. Kama huji kuhiji, epuka wikiendi hiyo. Nyumba nyingi hufungwa majira ya baridi, na nyingine zimefunga moja kwa moja au zimekuwa makazi ya wakimbizi, kwa hiyo usitegemee orodha ya miaka mitano iliyopita. Na kwa anayetoka nyumbani: Ayalandi haimo katika Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haitakuingiza. Mwombe mwenye nyumba barua pepe yenye tarehe na majina yenu uiambatishe kwenye maombi. Wetu aliiandika siku hiyohiyo.

Siku ya tatu, baada ya kisa cha kamba, Mama aliniambia mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Akakusanya sahani zetu na kwenda nazo jikoni. Nilimfuata nikiwa na wasiwasi, kwa sababu jikoni kwao ni ndani kwao. Mwenye nyumba alishtuka, kisha akampa kitambaa cha kukaushia. Akauliza tumetoka Tanzania sehemu gani. Mama akamtajia hospitali ya Makiungu, ambako masista wa Kiayalandi ndio waliomzalisha mimi na wadogo zangu wawili, nami nikatafsiri. Yule mama akaweka sufuria chini. Shangazi yake alikuwa sista wa shirika hilohilo, Medical Missionaries of Mary, na alifanya kazi Nigeria miaka mingi. Akatoa albamu. Tuliikosa ile safari ya baiskeli niliyoipanga kwenye njia ya reli ya zamani kwenda Newport, na sikujali.

Kabla hatujaondoka alimwandikia Mama jinsi ya kupika mkate wake, nyuma ya risiti yetu: unga wa ngano wa kahawia, soda ya kuumulia badala ya hamira, chumvi, na maziwa yaliyochachuka, kisha unakata msalaba juu kwa kisu. Singida Mama anatumia mtindi. Wa kwanza ulipasuka katikati, akanitumia picha. Wa pili tumeupeleka kwa WhatsApp mpaka Westport, na jibu lilikuja ndani ya dakika moja: punguza mtindi kidogo, usikande sana.