Kuongeza nguvu ya dizeli ya boti: anza na propela

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kubadili programu ya kompyuta ya injini kwenye boti yako ya uvuvi ya futi 36 ili ipate nguvu zaidi. Kwa boti nzito kama hiyo, nakusihi usifanye. Mwendo wake unafungwa na urefu wa bodi majini, yaani noti 8 hivi (maili 8 za baharini kwa saa). Nguvu ya ziada itaishia kwenye mawimbi na gharama ya mafuta.

Boti nyepesi inayoinuka na kuteleza juu ya maji ikikimbia ingefaidika, ila injini ya gari hubanwa kwa muda mfupi tu, ya baharini huvuta mzigo saa nzima mfululizo. Joto la moshi likizidi, tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), pistoni na vali ndizo zinazoumia. Giaboksi nayo ina kikomo chake.

Jaribu hivi: ukiwa na mzigo wa kawaida, fungua mafuta hadi mwisho. Injini isipofika mizunguko kwa dakika iliyoandikwa na mtengenezaji, huenda propela ni kubwa mno au chini ya boti pameganda uchafu wa bahari. Safisha kwanza, upime tena, halafu fundi apunguze mlalo (pitch) wa mapanga ya propela ikibidi.