Wasanii watano wa kwenda nao kisiwani, anza kwa kukata

Mkuu nimekupata, unatakiwa ubaki na wasanii watano tu wa kwenda nao kisiwani peke yako na listi yako bado ina 30. Kwanza futa wote unaowapendea wimbo mmoja, huo wimbo ukiurudia mwezi mzima utauchukia. Tafuta mwenye kazi nyingi. Mfano Franco, mpiga gita wa Kongo, bendi yake OK Jazz imeanza 1956 na kapiga mpaka anafariki 1989, na sebene zake (zile sehemu ndefu za magita) unaweza leo ukafuata gita moja tu, kesho ukafuata besi, ukahisi ni wimbo mwingine kabisa. Fela Kuti wa Nigeria naye nyimbo zake kibao zinavuka dakika kumi, na muda kisiwani si unao. Halafu weka mmoja asiyeimba, Miles Davis hivi, yule mpiga tarumbeta wa jazz, kuna siku hutataka kusikia mtu akiongea. Wa huzuni mmoja anatosha, ukibeba wawili upweke utakumaliza, siriasi. Nafasi ya mwisho mpe yule unayemwonea aibu kumtaja mbele ya washkaji (kila mtu anaye). Ukikwama kati ya wawili, usiwasikilize wote siku kadhaa uone nani unaanza kumwimba mwenyewe bafuni.