Sumatra bado haijamaliza?

SWALI: Mhariri, mie niko Tanga. Nikisikia Indonesia imetikisika tena roho inaruka, maana 2004 maji yalifika hadi huku kwetu. Si nguvu zimeshaisha kule?

JIBU: Wapi, hazijaisha ndugu yangu. Pale Sumatra bamba la chini ya bahari, yani kipande kikubwa cha gamba la dunia, linajiingiza chini ya kisiwa, linakwama, mkazo unajaa miaka na miaka halafu unaachia ghafla. Desemba 26, 2004 iliachia kaskazini, ukubwa 9.1, miezi mitatu tu baadae jirani yake Nias ikafuata na 8.6, halafu 2007 Bengkulu 8.4, yani kipande kikiachia kinamuongezea mzigo wa pembeni. Kinachotisha sasa ni kipande cha Siberut, kwenye visiwa vya Mentawai magharibi mwa Sumatra, hakijaachia vizuri tangu 1797! Wataalamu wamejuaje? Matumbawe bwana. Ardhi ikizama yanakua kwenda juu, ikiinuka vichwa vinabaki nje ya maji vinakufa, na tabaka zake zinahesabika kama pete za mti. Ila tarehe hakuna anaeijua, anaekutajia siku anakupiga fix. Wenye presha haswa ni watu wa Padang, mji wa pwani ya Sumatra, mawimbi yakija wana kama nusu saa tu, sie huku 2004 yalichukua masaa mengi kufika, kwahiyo ukisikia tahadhari muda wa kutoka ufukweni unao.