Naandika shukrani kila usiku, mbona moyo bado mzito?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 31, naishi Mbagala, nashika hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Mwaka jana baba alipata kiharusi, upande wa kulia umelala, na kwa kuwa kaka zangu wana familia zao, mzigo umeniangukia mimi. Kwenye semina ya kina mama tulifundishwa kila usiku tuandike mambo matatu ya kushukuru, tukubali yaliyotupata, na tujitathmini kabla ya kulala. Nimefanya kwa miezi. Sasa naandika "uzima, kazi, familia" bila hata kufikiri, halafu najiona mnafiki. Kukubali nako kunanitatiza: nikikubali, si ndiyo nimewaruhusu kaka zangu wasitoe hata mia? Na nikianza kujitathmini, saa nane ya usiku inanikuta nimekodoa macho. Nakosea utaratibu, au mambo haya si ya watu kama mimi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza. Unaniita dokta, sikatai, lakini mimi ni mwanasaikolojia tiba, dawa siandiki. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitakuelekeza kwa wanaoandika.

Mambo hayo ni ya watu kama wewe kabisa. Tatizo ni kwamba umepewa vitu vitatu tofauti uvimeze kwa mpigo kama dozi moja, tena usiku, saa ambayo mwili umechoka kuliko zote. Mimi ningevitenganisha, na ningeanza na kukubali, maana shukrani inayowekwa juu ya hasira iliyofichwa ndiyo hiyo inayokufanya ujione mnafiki.

Kwanza tuelewane kinachokubaliwa ni kipi. Baba amepata kiharusi, na huenda mkono usirudi kuwa kama zamani: hilo limeshatokea, linakubaliwa. Una hasira na kaka zako, na siku nyingine unamchoka hata baba mwenyewe: hisia hiyo ipo, inakubaliwa kwamba ipo. Kaka zako kutotoa hela ya dawa ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni tabia ya watu wazima wenye akili timamu, inajadiliwa kwenye kikao, na hakuna tiba yoyote ninayoijua inayokutaka uibariki. Mwaka 2018 Brett Ford na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Watu waliozoea kuzipokea hisia zao mbaya bila kujihukumu walikuwa na afya nzuri zaidi ya akili, na faida hiyo ilitokana na kuikubali hisia, siyo kuikubali hali iliyoileta. Kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Aliyekwambia "kubali tu" bila kufafanua amekupa nusu ya somo.

Na kwa nini tusiifukuze tu hiyo hasira? Kwa sababu haifukuziki. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Walipiga kengele. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, alirudi kwa wingi kuliko kwa wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Mtu anayejikataza kumkasirikia mgonjwa, hasira yake hutafuta mlango mwingine: kondakta, mteja, mtoto wa jirani.

Tuchukue asubuhi moja. Saa kumi na moja alfajiri unamgeuza baba, shuka limelowa, na una gari la kuwahi. Kifua kinabana. Simama hapo hapo, uipe hisia jina lake kimoyomoyo: "Hii ni hasira, na chini yake kuna uchovu." Usiitafutie sababu wala usiikemee. Vuta pumzi polepole mara tatu, endelea kukunja shuka. Ukiona ni kitu kidogo mno, jua kwamba Matthew Lieberman na wenzake walipima ubongo wa watu wakitaja kwa jina hisia walizoziona kwenye picha za nyuso, mwaka 2007, na wakaona kuitaja hisia kwa jina kunapunguza kazi ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Hasira haitaisha. Itapungua kiasi cha wewe kumvalisha baba shati bila kumvuta mkono.

Sasa shukrani. Utafiti unaonukuliwa sana ni wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003. Katika jaribio lao moja, wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru, na wakajisikia vizuri kuhusu maisha yao kuliko wenzao walioandika kero. Kuna jaribio jingine ambamo watu wenye magonjwa ya neva na misuli waliandika kila siku, na wao pia walinufaika, kwa hiyo kila siku si haramu. Lakini Sonja Lyubomirsky na wenzake walipolinganisha, walioandika mara moja kwa wiki ndio walioongezeka furaha. Walioandika mara tatu hawakuongezeka. Maelezo yao ni mazoea: jambo likirudiwa sana linapoteza ladha. Kwako ladha imeshapotea, kwa hiyo acha kila usiku. Chagua siku moja, tuseme Jumapili jioni baba akishakula, na uandike jambo moja au mawili tu.

Ila uandike kwa undani. "Familia" ni neno kubwa mno, halishikiki. Andika hivi: "Jumatano nilikwama kwenye foleni, mama wa nyumba ya pili akamlisha baba uji bila kuombwa, na mwenyewe alikuwa na maandazi jikoni." Nani, alifanya nini, ilimgharimu nini. Ukiweza, mwambie huyo mama siku hiyo hiyo. Shukrani inayomfikia mwenyewe ina nguvu kuliko inayobaki daftarini. Wiki ambayo huoni cha kushukuru, usiandike. Daftari halina mkaguzi.

Jambo moja ningependa lipungue mjini kwetu: "Mshukuru Mungu, wenzako hata baba hawana." Husemwa kwa nia njema, najua. Lakini huko ni kupima shida yako kwa shida ya mwingine, na kinachobaki ni aibu ya kulalamika. Kama wewe ni mtu wa sala, shukuru kwenye sala na ulalamike humo humo.

Kujitathmini ndiko kunakokukesha, na hapa ndipo nina neno kali kidogo. Unachokifanya saa nane usiku sidhani kama ni tathmini. Ni kuwaza na kuwazua: swali lile lile, kitandani, gizani. Susan Nolen-Hoeksema alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi akaonyesha kwamba watu wanaozungusha huzuni yao kichwani hukaa nayo muda mrefu na huwa karibu zaidi na sonona. Njia rahisi ya kutofautisha ni kutazama swali lenyewe. "Kwa nini mimi?" halina mwisho. "Leo kimenibana nini, nilifanya nini, kesho nifanye nini kimoja?" lina mwisho.

Kwa hiyo litoe kitandani. Kabla hujatoka Kariakoo, ukishafunga mahesabu, kaa dakika 15 na karatasi, simu ikulilie muda ukiisha. Ukurasa wako unaweza kuwa hivi:

"Kimenibana: kaka mkubwa hakupokea simu mara tatu. Nilifanya: nilinyamaza, nikanunua pampasi kwa hela ya nauli. Kesho: nimtumie meseji yenye hesabu, siyo yenye lawama."

Wewe ni mtu wa vitabu vya hesabu, tumia ujuzi huo. Orodhesha ya mwezi mzima: pampasi, dawa ya presha, nauli ya kumpeleka mazoezi ya viungo, siku ulizokatwa kazini. Kisha mpelekee shangazi, dada wa baba, kama yupo. Akiitisha kikao yeye, kaka zako watakuja. Mimi naihesabu hii kuwa sehemu ya afya ya hisia, tena kubwa. Daftari la shukrani halilipi pampasi.

Ukiandika mambo mazito unaweza kuinuka ukiwa na huzuni kuliko ulivyokaa. Usiogope. James Pennebaker, katika jaribio lake la mwaka 1986, aliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walishuka moyo mara baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Na sentensi ikikugomea kwa "mimi", jiandikie kwa jina lako, unavyomwandikia rafiki. Inasaidia kupata umbali kidogo.

Mawazo yakija usiku hata hivyo, usilale ukipigana nayo. Ikipita kama dakika 20, ondoka kitandani, kaa kwenye kiti taa ikiwa hafifu, simu mbali, urudi usingizi ukija.

Sasa lile nililoahidi. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna raha na chochote, hamu ya kula imepotea au imezidi, usingizi hauji, unajiona huna thamani, basi karatasi haitoshi. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa, Temeke, Amana na Mwananyamala, zina huduma za afya ya akili; kwako Mbagala, Temeke ndiyo ya karibu. Na ikikujia fikra kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje wiki mbili: mwambie mtu aliye karibu nawe na uende siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Kama baba anahudhuria mazoezi ya viungo hospitalini, uliza mapokezi kliniki ya afya ya akili hukaa siku gani, ujaribu kuziunganisha tarehe. Utaomba ruhusa kazini mara moja badala ya mbili.